Exetat haiandaliwi kwa miezi miwili

Kila mwaka, Pasaka ikishapita, Bukavu huanza kuzungumza habari moja: Exetat. Kadutu, Bagira na Ibanda, nyumba yenye finalisti hubadilisha maisha yake. Kazi za jikoni wanapewa wadogo, baba anatafuta mwalimu wa kufundisha jioni, na Jumapili majina ya watahiniwa yanaletwa mbele ili waombewe. Sisi pia tunawaombea, na tutaendelea kufanya hivyo. Lakini Danieli na wenzake walifundishwa miaka mitatu kabla ya kusimamishwa mbele ya mfalme na kuulizwa. Vijana wetu tunaanza kuwashughulikia ikiwa imebaki miezi miwili.

Mtihani wa Serikali ulianzishwa mwaka 1967. Mtahiniwa hupita sehemu mbili. Kwanza insha ya Kifaransa, Kifaransa cha mdomo na, kwa wengine, kazi ya vitendo. Baadaye ni siku nne za maswali ya kuchagua jibu, ambayo vijana huyaita aitemu: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya sehemu aliyochagua. Anayefikisha asilimia 50 ana diploma, na bila diploma hiyo hakuna chuo kikuu. Siku ya matokeo waliofaulu hujimwagia poda nyeupe kichwani na kutembea barabarani wakiimba. Asiye na poda siku hiyo, mtaa mzima unamjua.

Aitemu zimefanya watu wengi waamini kwamba mtihani huu unaweza kukaririwa. Kwa hiyo maandalizi yamekuwa kutafuta maswali ya miaka iliyopita, kuyapiga fotokopi na kushika majibu kichwani. Maswali ya zamani si mabaya. Yanamzoeza kijana namna ya kuulizwa na namna ya kugawa muda. Lakini mtu ambaye hajaelewa sehemu za hesabu tangu darasa la 7 hawezi kuzielewa mwezi wa tano kwa sababu ameona herufi ya jibu.

Hapo ndipo biashara inapoingia. Wazazi wanaombwa pesa za kuwapokea wasimamizi. Majibu yanazunguka kwa simu, ingawa simu zimekatazwa ndani ya chumba cha mtihani. Na kwa kuwa karatasi hutolewa kwa mifululizo tofauti, jibu alilonunua huyu linaweza kuwa la karatasi ya jirani yake. Tuseme wazi: wanaolipa wamo pia ndani ya washirika wetu, na mara nyingi wanalipa kwa sababu wameogopa, wakijua kwamba kijana hayuko tayari. Mahubiri dhidi ya udanganyifu ni ya lazima. Lakini tukimkemea mzazi mwezi wa sita bila kumsaidia miaka mitano iliyotangulia, tumefanya nusu ya kazi.

Familia zetu zilizopelekwa Marekani kama wakimbizi wanakutana na mtihani wa namna nyingine. Shule nyingi za huko hutumia kipimo kinachoitwa MAP Growth, cha shirika la NWEA. Mtoto hukaa mbele ya kompyuta. Akijibu vizuri, swali linalofuata linakuwa gumu zaidi, akikosea linakuwa jepesi. Kwa kawaida hufanyika mwanzo, katikati na mwisho wa mwaka. Hakuna diploma mwishoni. Kinachotafutwa ni mtoto huyu amekua kiasi gani tangu mara iliyopita. Mzazi wa Kivu anayeuliza akariri kitabu gani hakipati, kwa sababu hakipo: asome kila siku, alale vizuri, basi. Huko nako walimu wengine hulalamika kwamba vipimo vinakula saa za masomo, na hatusemi tulete kompyuta Bukavu, ambako umeme unakatika finalisti akiwa katikati ya ukurasa. Tunachoweza kuchukua ni lile swali lao.

Sisi tuna mtihani wa kumaliza shule ya msingi, tuna TENASOSP mwisho wa darasa la 8, halafu Exetat. Yote inauliza kama umevuka. Kati ya TENASOSP na Exetat ni miaka minne, na katika miaka hiyo kinachobaki ni buletini, ambayo pointi zake hutofautiana shule na shule. Kijana anaweza kupanda na asilimia 55 kila mwaka mpaka humanité ya nne, na bado asiweze kusoma ukurasa mmoja wa Kifaransa akaeleza kinachosemwa. Nyumbani anasema Kiswahili au Mashi, na hakuna ubaya. Ila mtihani utamuuliza kwa Kifaransa hata katika biolojia.

Kwa watoto wa Bukavu kuna pengo jingine. Mwaka wa masomo 2024-2025 ulianza na mgomo wa walimu. Katikati ya Februari 2025 mji ukaingia mikononi mwa AFC/M23. Shule zilifungwa kwa muda, familia zikakimbia, benki zikafunga milango, na mishahara ikawa taabu. Mitihani ilifanyika hata hivyo, na tunawaheshimu waliosimama ili ifanyike. Lakini aliyekuwa darasa la 7 mwaka ule, asiporudia hata mara moja, atafika Exetat mwaka 2030. Akishindwa, watu watasema ni mvivu. Nani atakumbuka wiki zile?

Mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 uliyapa makanisa usimamizi wa shule zao, Serikali ikibaki na programu na mishahara. Basi uratibu wa shule za Kiprotestanti hauhitaji kungoja amri ya Kinshasa ili kupima watoto wake. Tunapendekeza karatasi moja ya Kifaransa na moja ya hesabu kwa kila darasa kuanzia la 7, zitolewe mwanzo wa mwaka na tena mwisho, zikiwa na ugumu uleule. Zisitumiwe kurudisha mtoto darasa wala kupanga shule ipi ni ya kwanza. Na zisilipiwe hata faranga moja. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 iliishia shule ya msingi. Sekondari mzazi bado anabeba mzigo, na kila karatasi mpya hugeuka haraka kuwa mchango mpya.

Parokia zina la kufanya pia. Zile zenye taa za jua zinaweza kufungua ukumbi jioni za katikati ya wiki, saa kumi na mbili mpaka saa mbili. Walimu waliostaafu tunao kwenye viti vya mbele, na wanafunzi wa chuo kikuu wako kwenye kwaya. Mabinti waangaliwe kwa namna ya pekee: finalisti hupunguziwa maji na jiko mwaka wa mwisho, lakini dada yake wa darasa la 8, aliyepewa kazi hizo, ndiye anayeanza kubaki nyuma.

Walimu watatu wa hesabu wanaweza kuandika karatasi ya kwanza Jumamosi moja. Masomo huanza mwezi wa tisa, kwa hiyo iwe mikononi mwa waprefe kabla mwezi wa nane haujaisha.