Dawa ya Asubuhi na Darsa la Alasiri



Wazazi kadhaa wamefika katika ofisi ya msikiti na swali moja. Daktari amethibitisha kuwa mtoto ana tatizo la kukosa umakini na utulivu, akamwandikia dawa. Shuleni walimu wanamsifu, lakini madrasa ustadhi analalamika kuwa hakuna kilichobadilika. Je, dawa haifai, au mtoto ni mkaidi?

Kabla ya kumhukumu mtoto, tuitazame saa.

Dawa itumikayo sana kwa tatizo hili huitwa methilifenideti, nayo hupatikana kwa namna mbili. Kidonge cha kawaida huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi, na nguvu yake hudumu takriban saa 3 hadi 4. Kwa sababu hiyo hutolewa mara 2 au 3 kwa siku. Namna ya pili hutengenezwa ili dawa itoke kidogo kidogo mwilini. Humezwa mara moja asubuhi, na hudumu saa 8 hadi 12 kwa kutegemea aina. Dawa ni ileile. Kinachotofautiana ni mwendo wake.

Mtoto aliyemeza kidonge cha kawaida saa 1 asubuhi, nguvu yake imekwisha kufikia saa 5. Hata ile aina ya saa 8 huishia saa 9 alasiri. Basi akiingia madrasa saa 10, ustadhi humpokea mtoto asiye na dawa mwilini. Isitoshe, baadhi ya watoto huwa wepesi wa hasira au machozi dawa inapokwisha. Kumchapa mtoto saa hiyo ni kumwadhibu kwa jambo asiloliweza.

Je, ipi ni bora? Hakuna iliyo bora kwa kila mtoto. Kidonge cha kawaida kwa kawaida huwa na bei nafuu, humrahisishia daktari kupima kipimo kidogo kidogo, na madhara yakitokea hupita upesi. Udhia wake ni dozi ya mchana: nani ataitunza na kuitoa shuleni, na mtoto hataonea haya mbele ya wenzake? Ile ya muda mrefu huondoa udhia huo, lakini mara nyingi ni ghali zaidi, na athari yake ikifika usiku huweza kuchelewesha usingizi.

Zote mbili huweza kupunguza hamu ya kula, kuleta maumivu ya kichwa au tumbo, na kupandisha mapigo ya moyo. Kwa hiyo mtoto ale vizuri kabla ya kumeza, na apimwe uzito, urefu na presha mara kwa mara. Mwelezeni daktari iwapo katika ukoo kuna maradhi ya moyo. Dawa ya muda mrefu isisagwe wala kutafunwa, kwani dozi ya siku nzima huweza kutoka kwa pamoja. Mwenye shaka juu ya jelatini ya kapsuli amuulize mfamasia aina nyingine, asiache dawa kimya kimya.

Mwezi wa Ramadhani nao una hesabu yake. Dawa iliyomezwa wakati wa daku huisha mapema zaidi mchana. Mtoto asiyebaleghe hajawajibikiwa na saumu. Asikatishiwe dawa ili tu afunge pamoja na wenzake.

Wazazi, andikeni kwa wiki 2 saa ambazo mtoto hutulia na saa ambazo hushindwa, shuleni, madrasa na nyumbani, kisha mpelekeeni daktari karatasi hiyo. Msiongeze dozi wenyewe. Nanyi maustadhi, mtoto kama huyu mketisheni mbele, mpeni aya chache kwa wakati, na mruhusuni kunyanyuka kidogo. Mtoto ni amana, naye ni amana hata katika saa ambayo dawa imekwisha.

Wabillahi tawfiq.