Mkalimani wa viziwi achunge mikono na ulimi wake



Kila mara hapa tunasema habari ya kofia ya chuma, vumbi na mbu. Leo nataka kusema habari ya viziwi wanaofika kwenye dispanseri, na habari ya yule anayesimama kati yao na sisi: mkalimani wa lugha ya ishara. Kazi yake ni kazi ya afya kama sindano. Ikifanywa ovyo, inaumiza.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja nilikofanya kazi, alifika mama kiziwi pamoja na mtoto wake wa miaka tisa. Nikamwambia mtoto: « Mwulize mama anaumwa wapi. » Mama akaonyesha tumbo. Nikauliza habari ya damu ya mwezi. Mtoto akanyamaza, mama akaangalia chini. Nikaandika dawa ya minyoo, wakaenda. Baada ya siku nne mama alirudishwa kwa tipoyi, damu inamtoka: mimba ilikuwa imeharibika. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini yeye alikuwa na maneno yote tangu siku ya kwanza. Ni mimi niliyemlazimisha kuyapitisha kwa mtoto wake.

Sisi watu wa Nyangwe tusione kazi ya mkalimani kuwa kitu kigeni. Livingstone alipofika hapa mwaka 1871 alikuta soko kubwa kando ya Lualaba, watu wa makabila mbalimbali wakiuziana. Kiswahili chetu chenyewe kilifika na misafara ya pwani wakati ule. Katika soko la namna hiyo, mkalimani mwenye kuongeza neno lake aliweza kumharibia mtu mali yake. Kwenye dispanseri anaweza kumharibia uhai.

Basi mkalimani mwema afuate nini? Kwa maoni yangu, haya:

1. Aseme yote, asiongeze, asipunguze. Kiziwi akitukana, atafsiri tusi. Muganga akisema neno la kutisha, asilifiche kwa huruma.

2. Aseme « mimi ninaumwa », asiseme « yeye anaumwa ». Na sisi wauguzi tumwangalie mgonjwa machoni, tuseme naye: « Mama, umelala vizuri? » Kusema « mwulize kama amelala » ni kumfanya mtu mzima awe mzigo uliowekwa mezani.

3. Akae kando ya muganga, ili mgonjwa awaone wote wawili. Asiwe na dirisha lenye mwanga mkali nyuma yake. Avae nguo ya rangi moja, ili mikono ionekane vizuri.

4. Atunze siri. Maneno ya mikono yanaonekana toka mbali, kwa hiyo mlango ufungwe na pazia lishushwe. Akimkuta mgonjwa sokoni, asimwulize habari ya dawa mbele ya watu.

5. Asipofahamu, akubali na aombe kurudiliwa. Mwalimu Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alianzisha shule nyingi za viziwi katika Afrika tangu mwaka 1957, na Kongo pia, mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Aliyesoma shule kama hizo ana ishara za shule. Aliyekulia kijijini bila shule ana ishara za nyumbani kwao. Kujua moja si kujua zote.

6. Asiwe mtu mwenye faida yake ndani ya shauri. Kazini kukitokea ajali na kiziwi akaulizwa, kapita wake asiwe mkalimani. Na mtoto asitafsiri ugonjwa wa mzazi wake.

Dunia nzima iliona ubaya wa kazi hii ikifanywa na asiyeijua. Tarehe 10 Desemba 2013, kwenye maombolezo ya Nelson Mandela huko Johannesburg, mtu mmoja alisimama karibu na wakubwa wa mataifa akipunga mikono. Viziwi waliotazama walisema mara moja kwamba ishara zake hazina maana. Wenye kusikia walidhani anatafsiri.

Wengine wataniambia: « Tumwandikie karatasi, inatosha. » Karatasi inamfaa aliyesoma. Viziwi wengi hawakupata shule, na barua ya Kifaransa kwao ni ukuta mwingine.

Tena wengine watasema viziwi ni wachache, kwa nini kampuni itoe mshahara? Ndugu, angalia masikio yako. Kelele ya desibeli 85, saa nane kila siku, inaharibu masikio kidogo kidogo, na mashine ya kutoboa mawe inapita kipimo hicho. Menenjiti nayo inaacha watoto viziwi. Anayehitaji mkalimani kesho anaweza kuwa wewe au mtoto wako.

Kwa hiyo naomba wakubwa wa kampuni wachague mtu mmoja, mwanaume au mwanamke, wamlipie mafunzo, wampe mshahara na kiapo cha siri kama sisi wauguzi. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Jirani zetu wa Kenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010, waliiweka lugha ya ishara kati ya lugha za Bunge. Sisi tunaomba kiti kimoja tu kwenye dispanseri.

Wakati tunangoja, kila muuguzi aanze leo: amtume mtoto nje acheze, amtafute mtu mzima ambaye mgonjwa mwenyewe amemkubali. Nanyi kazini, vaeni vizuia kelele. Linda masikio yako, heshimu mikono ya mwenzako.