Mgeni wa Chuo Kikuu Aonyeshwe Shamba

Hapa kwetu Ngombezi wazee wengi walikuja kama wageni. Mashamba ya katani yaliwavuta watu wa makabila mengi, wakakutana na Wazigua na Wasambaa. Wazee hao wajua jambo moja: mkata katani mgeni, hata akiwa na nguvu za simba, kazi humshinda mpaka mwenzake amwonyeshe jani lipi likatwe na lipi liachwe. Kutojua si uvivu.

Leo nataka kusema juu ya wageni wa namna nyingine, yaani vijana wetu wanaoingia chuo kikuu. Pengine mmoja hurudi nyumbani kabla ya mwaka kwisha, na majirani husema, "Kumbe hakuwa na akili." Neno hilo ni zito, na mara nyingi si la kweli. Tena nyuma ya kijana huyo kuna ng'ombe aliyeuzwa, au mkopo wa Bodi utakaodaiwa miaka mingi.

Tazameni safari yake. Tangu mwaka 1967 shule nyingi za msingi za serikali zafundisha kwa Kiswahili. Sekondari alikuta Kiingereza. Mwalimu aliandika ubaoni, naye akanakili na kukariri. Chuo kikuu hakuna wa kumwandikia. Mhadhiri husema saa nzima mbele ya mamia ya watu, hutaja vitabu vitano, kisha huyo, ametoka. Kulia kwake ameketi aliyezoea Kiingereza tangu utoto, kushoto mtu mzima aliyeacha kazi ili asome, na nyuma yake kijana asiyeona. Wote watafanya mtihani mmoja.

Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi hawakuzidi 15. Mwalimu aliweza kumjua kila mmoja kwa jina. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, watu waliotoka makazini walianza kuingia kwa wingi. Mwaka 1978 chuo kikaanzisha kitengo cha kuwafundisha wanafunzi namna ya kusoma vitabu vya taaluma na kuandika kwa Kiingereza. Maana yake ni kwamba kujifunza nako hufundishwa.

Basi mhadhiri afanye nini? Sisi tuliopita chuo cha ualimu twajua kanuni ya kutoka kwenye linalojulikana kwenda lisilojulikana. Aanze kwa kusema somo la leo lahusu nini, na maneno mapya ayaandike na kuyasoma kwa sauti, ili asiyeona naye apate. Aonyeshe insha nzuri na kueleza uzuri wake uko wapi. Mapema katika muhula atoe kazi ndogo, aisahihishe na kuirudisha kabla ya ile yenye alama nyingi. Katika semina awachanganye wanafunzi wachache wachache, wabishane kwanza hata kwa Kiswahili, ndipo waseme mbele ya wote kwa Kiingereza.

Wako watakaosema kwamba huku ni kudekeza watu wazima. La, sivyo. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema mgeni asilime. Lakini mwenyeji mwenye busara hampi mgeni jembe bila kumwonyesha mpaka wa shamba, asije akalima kwa jirani. Mtihani ubaki mgumu, ila njia ya kuufikia iwe wazi.

Nanyi wazazi mna sehemu yenu. Mwanenu akipiga simu katika wiki za kwanza akasema, "Baba, hapa sipawezi," msimkemee, wala msimwambie apande basi arudi. Mwulizeni: Umemwendea mwalimu gani? Unasoma pamoja na nani? Kama hana jibu, mwambieni akamtafute mwalimu kesho yake asubuhi, kisha awapigie tena jioni awaeleze ameambiwa nini.