Elimujamii Isiyoijua Jamii

Mwanafunzi anayeanza somo la elimujamii chuoni hukabidhiwa, tangu wiki za mwanzo, majina machache ya kuhifadhi. Huambiwa kwamba Mfaransa Auguste Comte ndiye aliyeipa taaluma hii jina katika miaka ya 1830. Kwamba Karl Marx aliona mapambano ya matabaka, Émile Durkheim mshikamano, na Max Weber mamlaka. Na kwamba Mmarekani C. Wright Mills, katika kitabu chake cha mwaka 1959, alifundisha kuwa dhiki inayomsibu mtu mmoja nyumbani mwake huenda ikawa ni suala la umma mzima. Hayo huyanakili kwa Kiingereza, huyakariri kwa Kiingereza, na siku ya mtihani huyatapika kwa Kiingereza. Akirudi mtaani, akapita barazani wanapokaa wazee, haoni kwamba aliyoyasoma yana uhusiano wowote na wale aliowaamkia.

Lawama hii simtupii mwanafunzi, wala simtupii Durkheim. Nawatupia wanaofundisha misingi ya elimu hii kana kwamba jamii ni bidhaa ya ng'ambo (ng'ambo ya bahari, si Ng'ambo yetu ya mjini Unguja), na sisi tuliobaki huku tuna “mila” na “desturi” tu.

Tuchukue mada ya matabaka, ambayo hakuna kitabu cha utangulizi kinachoikosa. Weber alipambanua baina ya tabaka, yaani uwezo wa mtu sokoni, na hadhi, yaani heshima anayopewa na wenziwe. Upambanuzi huo ni wa maana sana. Lakini wapi tungeuona vizuri kuliko Unguja yenyewe? Mwaka 1897, mwaka uleule Durkheim alipochapisha utafiti wake mashuhuri juu ya kujiua, Sayyid Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuufuta utumwa kisheria. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo. Walisubiri hadi 1909. Basi sheria ilimtoa mtu utumwani siku moja, lakini hadhi haitolewi kwa saini. Mtumwa alikuwa amezuiwa kufunika kichwa mbele ya mabwana na kuvaa viatu. Vazi lake lilikuwa merikani au kaniki. Waliokwisha kuwa huru waliitafuta hadhi yao dukani: wanaume kanzu na kofia, wanawake kanga, na baadaye buibui, vazi ambalo zamani lilikuwa la mabibi wenye nafasi. Wengi wao walikuwa bado maskini. Tabaka halikubadilika, hadhi ikadaiwa kwa nguo. Mwanafunzi aliyefunzwa hivi hana haja ya kukariri tofauti ya maneno mawili, kwa sababu ameiona imefungwa kiunoni mwa bibi yake.

Na huyo Mills? Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kupata jina Ng'ambo, alirekodi nyimbo zake Bombay kuanzia mwaka 1928. Miongoni mwa nyimbo zake umo ule wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa. Muuaji akavuka bahari akasalimika, na wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani kwa habari ya pombe. Msiba wa nyumba moja ukageuzwa, kwa sauti ya mwimbaji, kuwa shtaka juu ya mahakama ya kikoloni na juu ya thamani ya mwanamke maskini mbele ya hakimu. Siti alifariki mwaka 1950, miaka 9 kabla ya kitabu cha Mills. Sidai kwamba alikuwa na nadharia. Nadai kwamba alikuwa na jicho lilelile ambalo Mills aliwataka wanafunzi wake walipate, na kwamba wasikilizaji wake wasiojua kusoma walimwelewa bila ya mhadhara.

Dharau hii ina historia. Mwaka 1903 kilitolewa Ujerumani kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Jina lililo juu yake ni la Carl Velten. Sehemu kubwa ya maandishi yaliyomo ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeeleza harusi, ngoma, majumbe na utumwa kama alivyoviona mtu aliyekulia humo. Miaka 9 baadaye Durkheim alichapisha kitabu kikubwa juu ya dini, akitumia habari za wenyeji wa Australia, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Cha Durkheim huitwa nadharia. Cha Mtoro, aliyekuwa akieleza mji wake, kikawekwa rafu ya mila na lugha. Na hata Ibn Khaldun, ambaye mwaka 1377 alikwisha kueleza katika Mukadima yake jinsi asabiya, yaani mshikamano wa kikundi, inavyojenga dola na kisha kudhoofika kwa anasa za mjini, hutajwa kwa mstari mmoja kama ukarimu wa mwalimu.

Sisemi Weber atoswe baharini. Anayewafukuza Wazungu wote darasani ili awaingize mababu zake tu amebadilisha sanamu, na ibada ni ileile. Mshairi wetu naye asomwe kwa ukali. Mwana Kupona, katika utendi wake wa takriban mwaka 1858, anamuusia bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Sisi wapenzi wa ushairi tumeuhesabu utendi huo mizani na vina, tukausifu kwa adabu, na mahali hapo tukapita kimyakimya. Mwanafunzi wa elimujamii angesimama hapo hapo. Angeuliza adabu hiyo ni ya nani, na inamlinda nani dhidi ya nani. Angeona kwamba neno “muungwana” lenyewe lilikuwa na maana ya mtu huru, asiye mtumwa, kabla hatujalifanya kuwa sifa ya kila mwenye tabia njema. Heshima iliyokuwa mali ya wenye kumiliki watu imejificha ndani ya sifa tunayoitoa kila siku, nasi hatuna habari. Kwa hiyo darasa na baraza la washairi wamekosa jambo moja, kila mmoja kwa upande wake.

Watasema Kiswahili hakina istilahi. Tabaka, hadhi, mamlaka, dola, mshikamano: nimekuwa nikizitumia tangu mwanzo wa makala haya, na sidhani kuna msomaji aliyetafuta kamusi. Watasema tena kwamba mwanafunzi atahitaji Kiingereza ili asome zaidi. Na akisome, kwa nini asikisome? Lakini msingi haujengwi kwa lugha ambayo mtoto anaichungulia kwa mbali, halafu akaulizwa kwa nini nyumba imepinda.

Mpeni wa mwaka wa kwanza swali moja tu: neno “muungwana” lilibadilika maana lini mtaani kwenu, na nani alifaidika? Mwacheni aanze kwa nyanya yake. Weber atamkuta maktabani Jumatatu.