Subira haivuti heri kwenye foleni ya usonji

Dadangu ana kijana amepita miaka mitatu. Ukimwita jina hageuki. Anapanga vifuniko vya soda kwa mstari kutoka mlangoni hadi jikoni, na ukigusa kimoja, hapo ni vita. Alikuwa na maneno mawili, "mama" na "maji". Yote yakapotea.

Akiwa na miaka miwili dadangu aliuliza kliniki. Akaambiwa wavulana huchelewa kuongea, ngoja. Akangoja miezi sita, akarudi, ndio akaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa ya umma kupimwa usonji. Huko akapewa tarehe: miezi minane mbele. Siku ilipofika alitoka nyumbani saa kumi alfajiri, matatu mbili, mtoto mgongoni. Akaambiwa daktari hayuko leo, chukua tarehe ingine. Miezi minne tena. Alafu mwenye dawati akamwambia kwa upole, "Mama, subira huvuta heri."

Heri gani hiyo jameni?

Mwaka mmoja kwako wewe ni mishahara kumi na miwili. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni theluthi ya maisha yake yote. Na ni miaka hii ya kwanza ubongo unajifunza haraka zaidi: kuongea, kucheza, kuomba kitu bila kulia. Wazee wetu hawakuwa na digrii lakini walijua, samaki mkunje angali mbichi. Sisi tunamngoja akauke, alafu tunamuuliza mama mbona hakuja mapema. Alikuja! Mlimpa tarehe.

Na tusidanganyane, si kila mtu anangoja. Mwenye pesa anapiga simu kliniki ya kibinafsi, mtoto anaonwa bila hizi hadithi za miezi. Foleni ni ya mama mboga. Bila karatasi ya daktari, mtoto hasajiliwi kama mtu mwenye ulemavu. Na huku mtaani watu washaamua: amerogwa, ama mamake hajui kulea.

Najua mtasema wataalamu ni wachache. Kweli, ni wachache, na wengi wako Nairobi. Lakini kuuliza maswali ya kwanza hakuhitaji mtaalamu. Kila mtoto Kenya anatakiwa kupata chanjo ya pili ya surua akiwa na miezi 18. Siku hiyo mama yuko, mtoto yuko, nesi yuko. Kwani ni ngumu kuuliza: anageuka akiitwa? Ananyoosha kidole kukuonyesha kitu? Anakuangalia usoni mkicheza? Hapo hakuna mashine, hakuna profesa. Ni dakika tano.

Mwaka wa 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa mikoba ya kazi. Huku kwetu wanakuja hadi mlangoni. Presha ya nyanya yangu wanaijua. Mbona hawaulizi kama kitukuu wake anaongea?

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtoto ana haki ya huduma ya afya. Hakijasema "akipata tarehe".

Kwa hivyo naomba mambo matatu tu. Moja, maswali yaulizwe siku ya chanjo, kila kliniki, kila kaunti. Mbili, msaada uanze kabla ya karatasi. Mama afunzwe leo jinsi ya kucheza na kuongea na mtoto wake, daktari atamkuta njiani. Akipatikana hana usonji, amepoteza nini? Hakuna mtoto ameumia kwa kuongeleshwa sana. Tatu, kila kaunti itangaze wazi foleni yake ni ya miezi mingapi. Afya ni kazi yao tangu 2013, wasijifiche nyuma ya Nairobi.

Kila Aprili 2, siku ya usonji duniani, kuna hotuba na picha. Ukimpata gavana wako hapo, muulize swali moja tu: mtoto akiletwa leo, ataonwa lini? Usikubali jibu la "tunajitahidi". Taka tarehe, kama sisi tunavyopewa.

Ya dadangu bado haijafika. Na mtu akimwambia tena habari za subira, nimemwambia ajibu hivi: ngoja ngoja huumiza matumbo.