Uimara wa Kisu cha Kukunja

Mchongaji wa Kimakonde, awe Newala au Masasi, huchonga mpingo kwa tezo na patasi. Chuma cha zana hizo kimekazwa katika mpini, wala hakina kiungo cha kukunjika. Kisu cha kukunja, hata kiwe cha thamani kubwa, kina egemeo, na usalama wa vidole hutegemea komeo dogo linalouzuia ubapa usijifunge.

Makali yanapokata, ubapa husukumwa upande wa kufunguka, na komeo halielemewi. Hatari huja ncha inaponasa katika mti, na mkono ukasukuma kisu upande wa kujifunga. Kani ya niutoni 50 ikitenda milimita 80 kutoka kwenye egemeo, na komeo likiwa milimita 5 tu kutoka hapo, komeo hilo hubeba niutoni 800. Hiyo ndiyo kanuni ya wenzo.

Chris Reeve, fundi mzaliwa wa Afrika Kusini, alikiita kisu chake Sebenza, neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Komeo lake ni sehemu ya mpini wenyewe wa titani, nene kuliko bamba jembamba la visu vingi.

Basi si haki kuwaambia vijana kwamba bei ndiyo kipimo cha uimara. Yafaa walimu wa fizikia wawape rula, wapime umbali, wakokotoe wenyewe. Atakayeielewa hesabu hiyo atajua kwa nini kazi ya kuchokoa mti mgumu huachiwa patasi.