Mia Moja kwa Siku Si Bei ya Kompyuta

"Lipa mia moja tu kwa siku!" Ofa kama hii inavutia, hasa kama kuna mtoto nyumbani anayengojea simu yako ndio amalize kazi ya shule. Lakini mia moja kwa siku ni kipande tu cha bei.

Tupige hesabu. Tuseme unaanza na KSh 5,000, halafu KSh 100 kila siku kwa siku 365. Jumla ni KSh 41,500. Kama laptopu hiyo hiyo inauzwa KSh 28,000 pesa taslimu, umelipa KSh 13,500 zaidi kwa kungojewa tu.

Kama mashine itakuingizia pesa kuanzia leo, sawa, pengine inafaa. Lakini kwa familia inayotaka kompyuta ya masomo, maoni yangu ni haya: hiyo mia iweke akiba, nunua ex-UK iliyo safi, kisha uiongezee nguvu pole pole.

Kabla ya kulipa, uliza maswali matatu:

RAM inaongezeka? 4GB hulemewa haraka. 8GB inatosha kazi nyingi za nyumbani. Kuna laptopu ambazo RAM imechomelewa kwa bodi, na hapo fundi hana la kufanya.

Ina SSD? Kama bado ina diski ya zamani inayozunguka, kuweka SSD kutaifanya iwake na kufungua programu haraka zaidi.

Prosesa ni kizazi gani? Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa Intel, Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kuendelea. Ukiona i5-8250U, hiyo 8 baada ya kistari ndiyo kizazi. Ya kizazi cha 6 ikiuzwa bei rahisi, sasa unajua sababu.

Ukiridhika, iwashe hapo hapo dukani, ujaribu chaji, kibodi na kamera. Lipa kwa Till ya duka, na usome jina kabla ya kuthibitisha malipo. Usitume pesa kwa namba ya mtu anayeahidi "kukuletea". Itisha garantii kwa maandishi, na usifute ule ujumbe wa malipo. Mashine ikileta shida wiki ijayo, huo ndio ushahidi wako.